Barua ya Mwalimu Mgaya Ubaoni

Harufu ya ubao uliopakwa upya naijua mpaka leo. Tulikuwa tunaupaka wenyewe, wanafunzi, kila mwisho wa mwezi. Unachukua betri kuukuu za redio, unazipasua kwa jiwe, unatoa ule mkaa wa ndani, unautwanga pamoja na majani mabichi ya matembele, unatia maji kidogo mpaka upate uji mzito mweusi, halafu unapaka kwa kipande cha gunia. Ukikauka unanuka kutu na mboga kwa pamoja, na darasa zima linanuka hivyo siku mbili. Wenzangu walikuwa wanaziba pua na kulalamika. Mie nilikuwa naipenda ile harufu, kwa sababu ubao ukishapakwa upya chaki inashika vizuri, na ubao wa Kidato cha Pili B ulikuwa wangu. Hakuna kitu kingine katika shule ile kilichokuwa changu.

Shule yenyewe ilikuwa huku huku Mbezi, upande wa juu wa Barabara ya Morogoro, ya kulipia, miaka hiyo ambayo hii stendi kubwa ya mabasi ya mikoani bado haijaja na ukisema unakaa Mbezi watu wa mjini wanakuuliza kama mna umeme. Jina la shule silitaji, majengo hayana kosa. Watu nitawataja. Nimekaa nao kifuani muda mrefu mno, na mtoto wa dada yangu anayeniandikia haya ameniuliza mara mbili, "Mama mdogo, na majina niyaweke?" Nimemwambia ayaweke yote.

Vitabu havikuwepo. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja chake, na mara nyingi hata hicho hana, ana daftari lake la tangu chuoni lililochakaa pembe. Anaingia darasani, anamwita mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, anamkabidhi daftari na chaki mbili, anarudi zake ofisini. Mwenye mwandiko anaandika notsi ubaoni, wenzake wananakili, kengele inalia. Ndiyo kufundishwa kwenyewe huko. Kila mkondo ulikuwa na mwandishi wake, na wa kwetu nilikuwa mimi, Editha. Herufi zangu zilikuwa zimesimama sawasawa kama vile zimepangwa kwa rula, na mwalimu wa mkondo mwingine akipita dirishani alikuwa anasimama kuangalia. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, mtu wa Songea, kazi yake yote ni kuandika na kupanga mafaili, na daftari zangu alikuwa anawaonyesha wageni sebuleni. "Huu mkono ni wa kwangu," anasema. Wageni wanakubali.

Nilikuwa siwezi kusoma. Si kwamba nasoma polepole, wala si kwamba Kiingereza kilikuwa kigumu, maana hata Kiswahili, lugha niliyonyonya nayo, kikiandikwa nilikuwa sikisomi. Nikitazama ukurasa herufi zinakuwa kama siafu waliomwagiwa maji, kila mmoja na njia yake. Moja moja nazijua. Nikizitazama moja moja ni picha, hii ina mkia, hii ina tumbo, hii ina fimbo na nukta kichwani, na picha mimi nilikuwa najua kuchora tangu mdogo. Kwa hiyo nilikuwa nachora. Nachora picha ya kwanza, naitazama ya pili, nachora, naacha nafasi pale penye nafasi, mpaka ubao unajaa. Wengine wanasoma ninachoandika. Mimi nikirudi nyuma kuangalia naona ubao mzuri, basi. Darasa la saba nilifeli na baba akasema walimu wa pale walikuwa wavivu, akanitafutia shule ya kulipia. Sekondari nilikuwa naishi kwa masikio. Jirani yangu wa dawati alikuwa Salma, familia yao Waarabu wenye duka la vyombo kule Buguruni, msichana mwenye sauti ambaye hawezi kusoma kimya kimya hata umlipe. Alikuwa anasoma kwa sauti, mimi nameza. Mwalimu akiuliza swali kwa mdomo nanyoosha mkono na napata. Mtihani ukija wa karatasi, natulia nachora jina langu vizuri juu, halafu nakaa naangalia siafu.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Mgaya, wa Historia, ambaye pia alikuwa ndiye mwalimu wa taaluma. Matokeo ya kila muhula alikuwa anayasoma mwenyewe mstarini, akianzia wa mwisho. Ukiitwa unatoka mbele, unasimama umetazamana na shule nzima, mpaka wafike kumi. Mie nilikuwa wa kwanza kuitwa mihula mitatu mfululizo. "Mwandishi wetu huyo anakuja," anasema, na shule inacheka. Huyu mtu alikuwa amejiaminisha kitu kimoja na hakuna aliyeweza kumtoa humo: mkono unaoandika vile hauwezi kuwa wa mtoto asiyejua kitu, na mdomo unaojibu vile darasani hauwezi kuwa wa mjinga, kwa hiyo mimi nilikuwa naacha karatasi tupu kwa dharau. Alisema nina jeuri ya watoto wa ofisini. Fimbo nilizokula kwa jeuri nisiyokuwa nayo sitazitaja, zimepita. Ninachosema ni kwamba yeye alikuwa amesomea kufundisha, na mimi nilikuwa mtoto, na katika sisi wawili yeye ndiye aliyepaswa kujiuliza.

Muhula wa pili wa mwaka ule wa kidato cha pili alikuja Madam Mwanahamisi. Alikuwa bado yuko chuoni, ameletwa kwa miezi miwili ya mazoezi ya ualimu, kadogo, kembamba, anavaa ushungi wa kijivu na viatu vya plastiki, na wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanamwita "dogo" akishapita. Alifundisha Uraia. Hakuwa na mazoea ya kuacha daftari. Alikaa darasani kipindi kizima, anauliza, anajibiwa, na kwa sababu hiyo mimi kwake nilikuwa katika wale wazuri. Alipotoa jaribio la kwanza na karatasi yangu ikarudi na jina tu, hakuniita mbele. Aliniambia nje, karibu na bomba, "Editha, mbona jana ulinieleza yote haya kwa mdomo?" Nikasema kichwa kilikuwa kinauma. Jaribio la pili nikasema tumbo. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya mwanangu, pona," ingawa alinizidi miaka saba au minane tu. Nilijua anajua. Nilimuogopa kuliko Mgaya.

Jambo lenyewe lilitokea Alhamisi, kipindi cha baada ya mapumziko. Mwalimu Mgaya aliingia, akaniachia daftari lake la Historia likiwa limefunguliwa, akasema, "Kuanzia hapa mpaka mwisho wa ukurasa unaofuata," akatoka. Zilikuwa sababu za Wazungu kuja Afrika, kwa Kiingereza. Nikaanza. Nilikuwa nimeupaka ubao siku mbili zilizopita na chaki ilikuwa inakaa vizuri kweli, nakumbuka niliona raha. Nilichora sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikageuza ukurasa nikaendelea. Nyuma yangu nikasikia mtu anaguna. Halafu mtu akacheka kwa pua. Halafu kicheko kikazidi, nikadhani kuna mtu anafanya vituko, nikaendelea na kazi, kwa sababu mwandishi hageuki geuki. Salma akaniita kwa sauti ya chini, "We Editha, acha. Acha bwana, utatuua." Nikageuka. Darasa zima watu wamelalia madawati. Nikatazama ubao, ubao mzuri.

Kumbe katikati ya sababu zake Mwalimu Mgaya alikuwa amejaribia barua. Karatasi zilikuwa ghali na daftari lilikuwa na nafasi. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, ya kwenda kwa Joyce, msichana wa kupiga chapa pale ofisi ya mkuu. Niliisikia baadaye mara nyingi sana, shule nzima iliishika kama wimbo: "Mpenzi Joyce, tangu Jumanne ulivyonipita bila salamu sina hata nguvu ya kushika chaki. Mke ninaye lakini moyo hauna mwenyewe." Niliiandika yote, kwa mwandiko wangu ule ule, na chini yake nikaweka namba nne na kuendelea na Wazungu. Ndivyo Mgaya alivyoikuta. Aliingia kuuliza makelele ya nini, akausoma ubao, na uso wake ukabadilika rangi taratibu kuanzia shingoni. Hakunipiga pale. Alichukua dasta, akafuta mwenyewe, mstari kwa mstari, akasema, "Ofisini." Nilikuwa bado sijui nimeandika nini. Salma ndiye aliyenieleza mlangoni, kwa haraka, na huku machozi ya kucheka yanamtoka, masikini, hakuelewa.

Baba aliitwa Ijumaa. Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Lutengano, mtu mnene wa upole ambaye upole wake haukuwahi kumsaidia mtoto yeyote. Joyce alikuwa ameomba ruhusa hakuja. Mgaya alisimama akaeleza kwamba mwanafunzi huyu, kwa muda mrefu akiwa na kiburi, amechukua maandishi binafsi ya mwalimu na kuyatangaza makusudi ili kumvunjia heshima yeye na ndoa yake. Alitaka nifukuzwe. Hapo Madam Mwanahamisi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kibenchi karibu na mlango na hakuna aliyemwalika kusema, akaomba nafasi.

"Mkuu, samahani. Mimi ni mgeni. Lakini hebu tufikiri. Mtoto anayesoma angeandika ile barua, halafu akaendelea na sababu ya nne?"

"Ndiyo dharau yenyewe hiyo," Mgaya akasema.

"Mwalimu, angecheka. Angegeuka awaangalie wenzake. Wenzake wanasema hakugeuka mpaka alipoitwa. Alikuwa hajui anaandika nini. Huyu mtoto hasomi. Si mvivu, hasomi, macho yake na maandishi hayapatani. Wapo watu wa hivyo, tumefundishwa chuoni. Na akili anayo, mkimuuliza kwa mdomo hamumpati. Mkimkubalia, mimi nitakaa naye saa za jioni nianze naye upya herufi, na mkuu unaweza kuandika barua huko juu, mtihani wa taifa asomewe maswali."

Mwalimu Lutengano akavua miwani. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza nikasikia mtu ameyasema maneno yale nje ya kichwa changu. Nilifikiri, basi, imekwisha.

"Kidato cha pili," akasema Mgaya. "Kidato cha pili, mwandiko ule, na hajui kusoma. Madam, hayo ya chuoni yaacheni chuoni."

Mkuu akamgeukia baba. "Mzee, wewe ndiye mzazi. Unamjua mwanao. Nyumbani anasoma?"

Baba yangu alikuwa amevaa shati lake la kazini, kalamu mbili mfukoni. Ninamlaumu Mgaya, na Lutengano ninamlaumu, lakini wote hao walikuwa wanasubiri mtu mmoja aseme neno. Baba alijua. Alikuwa ananiona jioni nimeshika gazeti lake na macho hayatembei. Mara moja aliwahi kunipa barua ya bibi kutoka Songea niisome, nikasema bibi anatusalimia wote, akaichukua taratibu akaisoma mwenyewe kimya, na barua ilikuwa ya msiba. Hakuniuliza kitu siku ile. Kwa hiyo alijua. Lakini pale ofisini palikuwa na watu watatu waliosoma wanamtazama, na yeye alikuwa karani, na mtoto wa karani asiyejua kusoma ni kitu ambacho hakuwa na namna ya kurudi nacho kazini. Mtoto mtundu watu wanao. Alijikohoza.

"Anasoma vizuri sana," akasema. "Gazeti analisoma lote. Huyu ni utundu tu, Mwalimu. Ni utundu na makundi. Naomba radhi kwa niaba yake."

Madam Mwanahamisi akasema, "Baba, tafadhali." Halafu akanigeukia mimi. "Editha. Sema mwenyewe. Ulikuwa unajua ulichoandika?"

Hilo swali naliota mpaka leo. Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lilikuwa la neno moja. Madam alikuwa ananitazama kama mtu aliyekunyooshea mkono na anaanza kuchoka. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaona kalamu zile mbili mfukoni mwake.

"Nilikuwa najua," nikasema. "Nilifanya makusudi."

Nilipigwa fimbo mbele ya mstari Jumatatu yake na kusimamishwa wiki sita. Niliporudi miezi miwili ya Madam Mwanahamisi ilikuwa imekwisha, amerudi chuoni, na hakuniachia hata salamu, na sina haki ya kumlaumu, maana nilimfanya mwongo mbele ya wakubwa wake. Ubao wa Pili B alipewa mtu mwingine. Mtihani wa taifa nilichora jina na namba yangu vizuri kuliko wote. Shule ikasema nirudie darasa, baba akasema halipii kiburi. Tangu siku ile mpaka alipofariki hatukulizungumza. Alikuwa ananipa gazeti mbele ya wageni na mimi nilikuwa nalishika.

Sasa nina miaka yangu ya kutosha. Ninapika chapati, maharage na mchuzi wa samaki kwenye kibanda karibu na stendi hapa Mbezi Luis, na orodha ya vyakula nje naiandika mwenyewe kwa chaki kila asubuhi, nikinakili ya jana. Wateja wanasifia, abiria mmoja aliwahi kuniuliza kama nilikuwaga mwalimu. Mwanangu wa pili, Lilian, yuko kidato cha pili shule ya kata. Tangu akiwa darasa la tatu nilimwona akishika kitabu, macho hayatembei, nikatoka nje nikakaa nyuma ya nyumba peke yangu. Niliapa kwamba huyu sitamfanyia alichofanya babu yake. Mwaka huu nikafunga kibanda siku nzima nikaenda shuleni, nikamwambia mwalimu wa darasa lake yote, na nikamwambia kwamba mimi pia niko hivyo, nililisema wazi mbele ya walimu watatu wanaosahihisha madaftari. Hakuna aliyecheka. Mwalimu ni kijana, ana adabu, alisema, "Pole sana mama, tatizo hilo linajulikana, siku hizi watoto wa namna hii tunawatambua." Akatoa fomu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Akanisomea, akajaza, nikachora jina langu. Fomu ikaingia kwenye faili, faili ikaingia kabatini.

Nilikwenda tena baada ya mwezi. Mwalimu mwenye mafunzo ya watoto hao yupo mmoja, na anafundisha Jiografia mikondo yote, na ukimkuta amesimama dirishani na daftari mkononi macho yamechoka utamwonea huruma. Walisema mtoto ataongezewa muda kwenye mtihani. Nikawauliza, muda wa kufanya nini? Mtu asiyeona maandishi ukimuongezea nusu saa umemuongezea nusu saa ya kukaa. Mwalimu akasema, "Ndio utaratibu, mama." Vitabu siku hizi vipo, vya rangi, na fimbo zimepungua, sitasema uongo. Zamani walinipiga kwa sababu hawakujua. Hawa wanajua, wana jina lake kabisa, wanakupa pole, na mtoto anabaki pale pale nyuma anaangalia siafu wake. Mimi nilidhani tulichokosa sisi ilikuwa ni mtu mmoja wa kusema ukweli. Nimeusema, na haukufanya kitu.

Umefanya kimoja tu. Ile fomu ilipojazwa mwanafunzi fulani aliiona juu ya meza, na tangu siku hiyo Lilian wanamwita Mahitaji. "Mahitaji, njoo ufute ubao." "Mahitaji, leo umehitaji nini?" Hata wanaompenda wanamwita hivyo, limeshakuwa jina. Juzi amerudi, amevua sare, amekaa jikoni ananisaidia kuchambua mchele, halafu akasema bila kuniangalia, "Mama, nakuomba kitu. Jumatatu nenda shule, uwaambie ulikosea."

"Nilikosea nini?"

"Waambie najua kusoma. Waambie ilikuwa makusudi, utundu tu. Nitakubali adhabu, mama, watanichapa itaisha."

Jumatatu ni kesho. Sare ameshafua na kupiga pasi. Ameniuliza mara tatu leo kama nitakwenda, na mara zote tatu nimemwambia ngoja nifikirie, na kila nikisema hivyo ninamwona anatazama chini, kwenye viatu vyangu.